Mada ya Nyongeza: Gundi ya Epoksi na Mvunjiko wa Maungio

Malengo ya mada

Ukimaliza mada hii, mtahiniwa, uweze:
(a) kutofautisha adhesheni na kohesheni katika ungio la gundi;
(b) kutofautisha uimara, ukakamavu na ushupavu wa kitu;
(c) kukokotoa mkazo katika ungio na nishati inayotumika kulibandua;
(d) kueleza jinsi chembe za mpira zinavyoizuia epoksi isivunjike ghafla;
(e) kuuangalia uso wa mvunjiko na kutaja sababu ya ungio kushindwa.

Unachohitaji kukumbuka kabla ya kuanza: nguvu za molekuli na unyumbufu (Kidato cha Kwanza), kazi na nishati, pamoja na kemia ya kaboni uliyosoma Kidato cha Nne. Hakuna hesabu hapa inayozidi kuzidisha, kugawa na kipeuo cha pili.

1. Kwa nini tunasoma mada hii

Ukishuka Mwaloni Kirumba asubuhi utaona mitumbwi ya mbao, boti chache za faiba, injini za kupachika nyuma, matenki ya plastiki na makreti ya samaki. Karibu kila kimoja kimeunganishwa kwa njia fulani: misumari, boliti, kulehemu au gundi. Mbao za mtumbwi hupigiliwa misumari na mianya yake huzibwa kwa kalafati. Boti ya faiba ni tofauti: yenyewe ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi iliyoganda, na ikipasuka hutengenezwa kwa gundi pia.

Tuseme fundi amebandika kiraka kwenye boti ya faiba kwa epoksi. Kesho yake anakigonga kwa ngumi, anakivuta, hakitoki. Anasema, "Imeshika." Je, boti hiyo iko salama kuvuka kwenda Ukerewe na watu kumi ndani? Jibu la kisayansi ni kwamba bado hatujui. Kugonga kwa ngumi kunapima kitu kimoja, na mawimbi yanapima kingine. Mada hii inakufundisha tofauti ya vitu hivyo viwili. Ukiielewa utajibu swali la mtihani, na siku moja unaweza kumwambia mtu wa familia yako asipande boti.

2. Epoksi ni nini

Epoksi huuzwa katika mirija au makopo mawili. Kopo moja lina utomvu, jingine lina kigumishi. Molekuli ya utomvu ina pete ndogo ya atomi tatu kwenye ncha zake: kaboni mbili na oksijeni moja. Pete ya atomi tatu imebanwa, hivyo hufunguka kwa urahisi. Kigumishi kinapochanganywa, pete hufunguka na molekuli za utomvu hufungana na molekuli za kigumishi kwa vifungo vya kovalenti. Mwishoni hupatikana wavu mmoja mkubwa uliofungana pande zote. Wavu huo hauyeyuki tena ukipashwa moto. Ukizidishiwa joto huungua.

Mambo matatu yanafuata kutokana na kemia hiyo:

(i) Uwiano ni lazima. Kila pete inahitaji mshirika wake katika kigumishi. Ukizidisha kigumishi "ili ikauke haraka", kinachobaki bila mshirika kinakaa ndani ya wavu na kuudhoofisha. Fuata uwiano ulioandikwa kwenye pakiti.

(ii) Mmenyuko hutoa joto. Ukichanganya epoksi nyingi kwenye kikombe kimoja, kikombe hupata moto na gundi huganda kabla hujaitumia. Changanya kidogo kidogo.

(iii) Neno "kukauka" si sahihi kwa epoksi. Maji au thina havipotei hewani kama katika rangi. Epoksi haikauki, inaganda kwa mmenyuko wa kemikali. Mtahini akiuliza, tumia neno "kuganda".

Epoksi iliingia sokoni katika miaka ya 1940, na kampuni ya Ciba ya Uswisi iliiuza kwa jina la Araldite. Ndiyo maana wazee wengi bado huita kila gundi ya mirija miwili kwa jina hilo.

Angalizo: epoksi ambayo haijaganda huwasha ngozi, na mtu anayeigusa mara kwa mara anaweza kupata mzio wa kudumu. Vaa glavu.

3. Adhesheni na kohesheni katika ungio

Ungio la gundi lina sehemu tatu: kitu cha kwanza, tabaka la gundi, na kitu cha pili. Nguvu zinazoshika sehemu hizo ni za aina mbili.

Adhesheni ni nguvu ya mvutano kati ya molekuli za vitu tofauti, kwa mfano gundi na alumini.

Kohesheni ni nguvu ya mvutano kati ya molekuli za kitu kimoja, kwa mfano gundi na gundi.

Ili adhesheni ifanye kazi, gundi lazima ilowanishe uso, yaani isambae na kuugusa uso wote. Nguvu za molekuli hufika umbali mdogo mno. Tabaka jembamba la mafuta linatosha kuitenga gundi na kitu kinachobandikwa. Kwenye boti ya uvuvi adui huyo yupo kila siku: mafuta ya sangara, grisi ya injini na ukungu wa majani ya ziwani.

Jaribio la tone la maji. Dondosha maji safi kwenye uso unaotaka kubandika. Maji yakisambaa na kubaki kama utando mmoja, uso ni safi. Yakijikusanya kuwa matone ya mviringo, mafuta bado yapo: kohesheni ya maji imeshinda adhesheni kati ya maji na uso. Osha kwa sabuni, suuza, kausha kabisa, piga msasa, futa vumbi kwa kitambaa safi chenye spiriti, kisha rudia jaribio. Uso ukishafaulu, ukaushe tena kabla ya kupaka gundi.

Msasa una kazi mbili. Unaondoa tabaka bovu la juu, kama rangi inayobanduka au kutu. Pia unaongeza eneo halisi ambalo gundi inagusa.

4. Uimara, ukakamavu na ushupavu

Hapa ndipo watahiniwa wengi huchanganya. Soma polepole.

Ukakamavu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kunyooka au kupinda. Kitu kikakamavu kikivutwa hubadilika umbo kidogo sana.

Uimara ni mkazo mkubwa kabisa ambao kitu kinaweza kuubeba kabla ya kukatika. Kipimo chake ni nyutoni kwa mita ya mraba, yaani paskali.

Ushupavu ni nishati ambayo kitu kinadai ili ufa uliomo ndani yake uendelee kukua. Kipimo chake ni jouli kwa kila mita ya mraba ya ufa mpya.

Kioo cha dirisha ni kikakamavu, na kikiwa hakina mkwaruzo ni imara. Lakini si kishupavu: ukikikwaruza kwa kikata kioo na kukikunja kidogo, kinafuata mstari na kukatika. Mpira wa ndani wa baiskeli si mkakamavu hata kidogo, lakini kuuchana kunadai kazi kubwa.

Epoksi ya kawaida iliyoganda inafanana zaidi na kioo. Kuivuta mpaka ikatike ni kazi ngumu. Ikiwa na ufa tayari, ufa huo hukimbia. Nishati yake ya mvunjiko ni takriban jouli 100 hadi 200 kwa mita ya mraba. Epoksi iliyoongezwa chembe za mpira huweza kufika jouli 1,000 hadi 3,000, na nyingine huzidi hapo. Uimara wa gundi hizo mbili unaweza kukaribiana. Tofauti kubwa iko kwenye ushupavu.

Ile ngumi ya fundi ilipima uimara wa kiraka siku hiyo, wakati hakuna ufa. Mawimbi hupima ushupavu, kwa sababu huvuta na kuachia mara maelfu, na mahali fulani pembeni mwa kiraka kuna ufa mdogo au kiputo cha hewa kinachosubiri.

5. Ufa hukua kwa sababu gani

Nenda kwa wapasua mawe wa Mwanza. Mpasuaji hahitaji nguvu ya kulitenganisha jiwe zima kwa mara moja. Anatoboa mstari wa matundu, anachomeka kabari, anapiga. Ufa ukishaanza huendelea mbele kwa nguvu ndogo kuliko ungetegemea kwa jiwe la ukubwa ule. Sababu ni kwamba mkazo hujikusanya kwenye ncha ya ufa. Molekuli za ncha hubeba mzigo ambao ungegawanywa kwa molekuli nyingi.

Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alichapisha kazi yake juu ya kuvunjika kwa kioo. Alieleza hivi: ufa hukua pale ambapo nishati inayoachiliwa na kitu kilichokazwa inatosha kulipa gharama ya kutengeneza nyuso mpya. Kwa bamba pana lenye ufa katikati, mkazo unaotosha kuukuza ufa ni:

mkazo = √(E × G ÷ (π × a))

ambapo E ni moduli ya Young, G ni nishati ya mvunjiko, na a ni nusu ya urefu wa ufa.

Usiikariri kanuni hii bila kuelewa inasema nini. Inasema mambo mawili:
- Ufa ukirefuka mara nne, mkazo unaotosha kuvunja hupungua hadi nusu.
- Ushupavu (G) ukiongezeka mara nne, mkazo unaotosha kuvunja huongezeka mara mbili.

Mfano 1. Bamba la epoksi lina E = 3 × 10⁹ N/m². Lina ufa ambao nusu ya urefu wake ni milimita 1. Tafuta mkazo wa kulivunja iwapo (i) G = 200 J/m², (ii) G = 2,000 J/m². Chukua π = 3.14, na chukulia E haibadiliki.

Suluhisho.
(i) E × G = 3 × 10⁹ × 200 = 6 × 10¹¹
π × a = 3.14 × 0.001 = 3.14 × 10⁻³
Kugawanya: 1.91 × 10¹⁴
Kipeuo cha pili: takriban 1.38 × 10⁷ N/m², yaani megapaskali 13.8.
(ii) G imeongezeka mara 10, hivyo mkazo unaongezeka mara √10 = 3.16.
13.8 × 3.16 = takriban megapaskali 43.6.

Ufa ni uleule, ila gundi ya pili inavumilia mzigo zaidi ya mara tatu.

6. Mpira unafanyaje kazi ndani ya epoksi

Swali la kawaida: mpira ni laini, unawezaje kuiongezea gundi nguvu? Jibu: hauongezi uimara, unaongeza ushupavu. Hatua zake ni hizi.

Hatua ya kwanza. Kabla ya kuganda, mpira wa kimiminika, kwa kawaida asilimia chache hadi kama 15 ya uzito, huyeyushwa ndani ya utomvu. Epoksi inapoganda, mpira hushindwa kuendelea kuyeyuka ndani yake na hujitenga kuwa matone madogo sana. Kipenyo cha tone huwa karibu maikromita moja hadi chache. Sasa una epoksi ngumu yenye mamilioni ya chembe laini, na kila chembe imeshikamana na epoksi inayoizunguka.

Hatua ya pili. Ufa unakaribia. Mbele ya ncha yake epoksi inavutwa pande zote kwa wakati mmoja. Kitu kinachovutwa pande zote hakipati nafasi ya kuteleza ndani kwa ndani, hivyo hukatika ghafla.

Hatua ya tatu. Chembe za mpira zilizo mbele ya ncha hupasuka ndani na kuwa vishimo vidogo. Ule mvuto wa pande zote huachiliwa.

Hatua ya nne. Epoksi iliyo katikati ya vishimo sasa inaweza kuteleza na kubadilika umbo bila kurudi. Eneo zima mbele ya ncha hulegea. Kazi hiyo yote inakula nishati ambayo ingeusukuma ufa. Ufa hupungua kasi au husimama.

Ukivunja ungio la epoksi yenye mpira, mara nyingi utaona weupe kwenye uso wa mvunjiko. Weupe huo ni vile vishimo vidogo vinavyotawanya mwanga. Ni dalili kwamba gundi imefanya kazi yake kabla ya kushindwa.

Unene wa gundi. Eneo linalolegea lina ukubwa wake. Gundi ikiwa nyembamba kupita kiasi, vitu viwili vigumu vinalibana eneo hilo na ushupavu unapungua. Gundi ikiwa nene mno, ushupavu hushuka tena na viputo huongezeka. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba ushupavu hufika kilele pale unene wa gundi unapokaribia kipenyo cha eneo linalolegea, ambacho ni sehemu ndogo za milimita hadi karibu milimita moja. Kwa hiyo usikaze jiliwa mpaka gundi yote itoke. Acha tabaka jembamba lenye unene ulio sawa kotekote.

7. Namna ungio linavyobebeshwa mzigo

(a) Kuvuta moja kwa moja: nguvu ziko wima kwa uso wa gundi na mzigo hugawanyika.
(b) Kutelezesha: nguvu ziko sambamba na uso wa gundi, kama mbao mbili zilizolaliana zikivutwa kinyume. Gundi huvumilia vizuri hali hii.
(c) Kubandua: nguvu inainua ukingo mmoja, kama unavyobandua plasta kidondani. Mzigo wote unakaa kwenye mstari mmoja. Hii ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa gundi.

Mfano 2 (kutelezesha). Vipande viwili vya alumini vimelaliana kwa eneo la mm 25 kwa mm 12. Ungio limekatika kwa nguvu ya kN 4.5. Tafuta mkazo wa wastani.

Suluhisho. Eneo = 0.025 m × 0.012 m = 3.0 × 10⁻⁴ m²
Mkazo = 4,500 N ÷ 3.0 × 10⁻⁴ m² = 1.5 × 10⁷ N/m² = megapaskali 15.

Zingatia neno "wastani". Kwenye ncha mbili za eneo lililolaliana mkazo ni mkubwa kuliko katikati, na kingo pia hujaribu kubanduka. Ndiyo maana ukizidisha urefu wa kulaliana mara mbili, ungio haliwi imara mara mbili. Sehemu ya katikati inakuwa kama abiria asiyepiga kasia.

Mfano 3 (kubandua). Ukanda mwembamba wenye upana wa mm 25 unabanduliwa kwa pembe ya nyuzi 90. Gundi A inadai N 5, gundi B inadai N 50. Tafuta nishati ya mvunjiko ya kila gundi, ukipuuza nishati ya kukunja ukanda.

Suluhisho. Ufa ukisogea umbali x, ncha ya ukanda huinuka umbali x.
Kazi iliyofanyika = F × x
Eneo jipya la ufa = b × x
G = (F × x) ÷ (b × x) = F ÷ b
Gundi A: 5 ÷ 0.025 = 200 J/m²
Gundi B: 50 ÷ 0.025 = 2,000 J/m²

Angalia kwamba N/m ni sawa na J/m². Mtahini hupenda kuuliza hili. Jouli ni nyutoni mara mita. Ukigawa kwa mita za mraba hubaki nyutoni kwa mita.

Matumizi kwa fundi. Kiraka cha boti kipunguzwe unene kuelekea kingo, na pembe zake ziwe za mviringo. Ukingo mnene na pembe kali huvuta mkazo na huanzisha kubanduka. Ubao ukiungwa kwa urefu, kata ncha zote mbili kwa mshazari mrefu, kwa kawaida urefu wa mshazari uwe mara 8 hadi 12 ya unene wa ubao. Hapo mzigo unapita kwa kutelezesha, si kwa kubandua.

8. Maji, joto na muda

Ungio linaweza kufaulu leo na kushindwa mwakani bila mzigo kuongezeka. Sababu kubwa ni tatu.

Maji. Molekuli za maji hupenya taratibu ndani ya epoksi na kuilegeza. Baya zaidi, hufika kwenye mpaka wa gundi na chuma, na kushindana na gundi kushika uso. Alumini isiyotayarishwa vizuri huathirika sana.

Joto. Epoksi nyingi zinazoganda bila kupashwa moto huanza kulegea kati ya takriban nyuzi 50 na 60 za Selsiasi. Hewa ya Mwanza haifiki huko, lakini bati jeusi kwenye jua la mchana laweza kukaribia.

Mzigo wa kudumu. Gundi inayobeba mzigo usiku na mchana huweza kunyooka polepole. Mjini Boston, Marekani, tarehe 10 Julai 2006, vipande vya dari ya zege viliangukia gari ndani ya njia ya chini ya ardhi na kumuua abiria mmoja. Vyuma vilivyoning'iniza dari vilikuwa vimeshikwa kwa epoksi. Uchunguzi ulionyesha kwamba aina iliyotumika, ya kuganda haraka, haikufaa kubeba mzigo wa kudumu. Katika majaribio ya muda mfupi ingeonekana nzima.

Mfano wa pili ni wa maji na ufa. Tarehe 28 Aprili 1988 ndege ya Boeing 737 ya shirika la Aloha Airlines ilipoteza sehemu kubwa ya paa ikiwa angani katika visiwa vya Hawaii. Mhudumu mmoja alifariki. Rubani alifanikiwa kutua. Mabati ya ndege hiyo yalilaliana na kuungwa kwa epoksi pamoja na ribiti. Gundi ilibanduka kwa miaka kutokana na unyevu na kutu. Mzigo ukahamia kwenye ribiti. Nyufa ndogo zikaanza kwenye matundu ya ribiti na kukua kila ndege iliporuka na kutua, zaidi ya mara 89,000, hadi zikaungana.

Funzo kwa mvuvi ni lilelile: misumari iliyobaki haimaanishi boti ni salama. Inaweza kuwa imebebeshwa mzigo usio wake.

9. Kusoma uso wa mvunjiko

Ungio likivunjika, usitupe vipande. Viangalie.

Gundi imebaki pande zote mbili: kohesheni imeshindwa. Uso ulitayarishwa vizuri. Gundi yenyewe ndiyo iliyozidiwa. Tumia gundi shupavu zaidi au ongeza eneo.

Upande mmoja ni safi kabisa: adhesheni imeshindwa. Kulikuwa na mafuta, unyevu au rangi. Kununua gundi ghali zaidi hakutasaidia. Rudi kwenye msasa na sabuni.

Ubao au faiba imechanika na kubaki kwenye gundi: kilichoungwa kimeshindwa kabla ya ungio. Hili ndilo tokeo bora.

Gundi inanata au inabonyea kwa ukucha: haikuganda. Uwiano au uchanganyaji ulikuwa mbaya.

10. Makosa ya kawaida ya watahiniwa

- Kuandika kwamba mpira unaifanya epoksi kuwa "ngumu zaidi". Sahihi: unaifanya kuwa shupavu zaidi, ukakamavu hupungua kidogo.
- Kubadili mm² kuwa m² kwa kugawa kwa 1,000. Sahihi: gawa kwa 1,000,000.
- Kusahau kipeuo cha pili katika kanuni ya Griffith.
- Kusema gundi nyingi ndiyo bora. Taja unene unaofaa na sababu yake.
- Kutaja adhesheni pekee pale swali linapouliza nguvu zinazoshika ungio. Taja zote mbili.

11. Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya uimara na ushupavu, ukitoa mfano mmoja wa kila kimoja. (alama 4)
2. Ungio la mm 30 kwa mm 20 limekatika kwa kutelezeshwa na nguvu ya kN 3. Kokotoa mkazo wa wastani. (alama 3)
3. Ukanda wa upana wa mm 20 unabanduliwa kwa nyuzi 90 kwa nguvu ya N 30. Kokotoa nishati ya mvunjiko. (alama 3)
4. Bamba lenye ufa wa mm 2 huvunjika kwa megapaskali 36. Ufa ukikua hadi mm 18, litavunjika kwa mkazo gani? (alama 3)
5. Kiraka cha boti kimebanduka. Upande wa boti hauna gundi hata kidogo. Taja aina ya mvunjiko, sababu mbili zinazowezekana na hatua mbili za kuchukua. (alama 5)
6. Fundi amekaza jiliwa mpaka gundi yote ya epoksi yenye mpira imetoka. Eleza kwa nini ungio lake linaweza kuvunjika kwa urahisi. (alama 4)

Majibu kwa ufupi

1. Uimara ni mkazo mkubwa kabisa kabla ya kukatika (kioo kisicho na mkwaruzo). Ushupavu ni nishati inayotakiwa kukuza ufa (mpira wa baiskeli).
2. 3,000 ÷ 6 × 10⁻⁴ = 5 × 10⁶ N/m², yaani megapaskali 5.
3. 30 ÷ 0.020 = 1,500 J/m².
4. Ufa umekua mara 9; mkazo unagawanywa kwa √9 = 3; jibu ni megapaskali 12.
5. Adhesheni imeshindwa. Sababu: mafuta ya samaki, unyevu, au rangi iliyobaki. Hatua: kuosha kwa sabuni na kukausha, kupiga msasa na kufanya jaribio la tone la maji.
6. Tabaka ni jembamba mno, hivyo eneo la kulegea mbele ya ncha ya ufa limebanwa na haliwezi kula nishati ya kutosha. Tena, mahali penye gundi kidogo panaweza kubaki bila kulowana.

Kazi ya nyumbani. Kata vipande vinne vya bati la kopo la soda. Paka mafuta kidogo ya kula kwenye viwili, na viwili visafishe na kuvipiga msasa. Ubandike kila jozi kwa gundi ileile, acha saa 24, kisha vibandue kwa mkono ukivaa glavu kwa sababu kingo zinakata. Andika umeona nini kwenye kila uso, na utumie sehemu ya 9 kueleza sababu. Ukiweza kumweleza mdogo wako bila kufungua kitabu, mada hii umeiweza.